Vifungo vya Nanga Iliyolala

Bi Mejumaa hakupata kumwamini fundi maishani mwake, awe wa bomba, wa umeme au wa kupaka chokaa. Kwa hivyo Jumatatu ile, Chonga alipoingia stoo ya chini kuvunja sakafu ili kijengwe choo, mama wa watu alitia kigoda mlangoni, akakaa, akashika tasbihi, na jicho lake likawa mkononi mwa fundi. Magoti yalikuwa yamemshinda. Choo cha nyumba kiko juu, na ngazi za Mji wa Kale mnazijua, zimesimama wima kama ukuta. Kila akipanda alikuwa akimtaja Mungu daraja kwa daraja. Kwa umri wake wa miaka sitini na tatu, choo cha chini hakikuwa anasa.

Saruji ilivunjika kabla ya adhuhuri. Chini yake palikuwa na mchanga, na ndani ya mchanga jembe la Chonga likagonga kopo. Lilikuwa kopo kubwa la samli lililoliwa na kutu. Lilipoinuliwa likapasuka, likamwaga vitu vidogo vya mviringo, vyeusi, vilivyoshikamana na udongo. Chonga aliokota kimoja akakisugua kwenye suruali yake, kikatoa manjano.

Dhahabu, moyo wa Bi Mejumaa ukasema. Akamwamuru Chonga asimame papo hapo, aweke mikono mbali na mwili, kisha atoe kila kilichomo mifukoni.

Chonga alikuwa mtu mzima, baba wa watoto wanne, mtu aliyechimba misingi na makaro ya nusu ya nyumba za mtaa ule. Alimtazama yule mama kidogo. Kisha akatoa simu yenye ufa, tumbaku iliyofungwa kwenye nailoni, ufunguo mmoja, na noti ya shilingi mia iliyokunjwa mara nne. Akageuza mifuko nje, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi. Bi Mejumaa akamwambia avue na viatu. Akavua, akavikung'uta, mchanga ukaanguka.

"Umeridhika, mama?" akauliza.

Aliambiwa aende akale, arudi alasiri. Alichukua jembe na sururu yake, akatoka, na alasiri hakurudi.

Havikuwa dhahabu. Bi Mejumaa alivitia kwenye bakuli la ukwaju, kama zinavyosafishwa sinia za shaba karamu ikikaribia, na baada ya kusugua nusu saa akajua ameshika nini. Vilikuwa vifungo vya sare. Kila kimoja kilikuwa na nanga iliyozungukwa na kamba, na chini ya nanga herufi tatu. Aliziona zile herufi, akaziba mdomo kwa mkono wenye ukwaju.

Habari ya makoti arubaini hakuna asiyeijua mtaani pale. Mwaka wa sabini na mbili kampuni moja ya meli, ambayo sasa imekufa na jina lake limefutika, iliagiza makoti arubaini ya walinzi wake, yenye vifungo vya nanga na herufi zake tatu. Aliyeyashona ni Mzee Mzamil, fundi cherehani, na mweka stoo wa kampuni alikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta, Mzee Shekue, babake Mejumaa. Mzamil alisema aliyamaliza yote, akayatia kwenye mkokoteni, akamkabidhi Shekue mkononi. Hakudai karatasi, kwani jirani kumtaka jirani yake sahihi ilikuwa ni kumtukana. Shekue akasema hakuona koti hata moja, na akaapa kwa mas'hafu. Hakimu alitaka karatasi. Mzamil akaenda jela miaka miwili, akarudi mkono wa kulia ukimtetemeka, na hakushona tena kitu cha maana mpaka alipokufa.

Binti yake, Mahira, yupo hapo hapo upande wa pili wa ukuta mpaka leo. Harusini huwekwa uwanjani kumenya vitunguu, haambiwi aingie chumbani kunakovishwa bibi harusi dhahabu. Mtoto wake mmoja alitaka kuajiriwa duka la nguo, mwenye duka akauliza ni wa nyumba gani, alipotajiwa akasema nafasi imejaa. Hakuna aliyemtukana Mahira waziwazi. Watu wa Mvita wana adabu zao. Husalimiana vizuri sana na mtu wanayemshuku.

Sasa vifungo vya makoti yale vilikuwa vimetoka chini ya sakafu ya Shekue.

Wazo la kwanza la Bi Mejumaa lilikuwa la hasira, na lilimtia nguvu. Kumbe Mzamil alivificha kwetu! Shetani wa mtu, ameiba, kisha akaja kuzika ushahidi nyumbani kwa mwenziwe ili siku moja amtie hatiani. Alilipenda wazo hilo. Alilizungusha kichwani jioni nzima huku amevifunga vifungo kwenye leso, na upande wa pili wa ukuta kinu cha Mahira kilikuwa kimenyamaza, naye akaona hakika yule mwanamke ametega sikio.

*

Jumanne alikwenda Bondeni kwa Dawoodbhai. Duka lake ni lile la vifaa vya mafundi cherehani: nyuzi, lesi, zipu, na ukuta mzima wa vidroo vya vifungo vilivyowekwa na babake kabla yeye hajazaliwa. Wazee husema Dawoodbhai akigusa kifungo gizani atakwambia kimetoka shati la nani. Bi Mejumaa alitaka aambiwe kwamba vifungo hivi ni vya sare nyingine, za zamani zaidi, za meli ya Wareno ikiwezekana.

Alidanganya tangu mlangoni. Alisema amevikuta kwenye sanduku la marehemu shangazi yake, akatoa saba tu, akavipanga juu ya kioo cha meza. Vingine vilibaki kwenye leso, leso imefungwa kiunoni, na macho yake hayakutoka kwenye vidole vya mzee. Dawoodbhai alipoinamia meza ili avute miwani kutoka drooni, Bi Mejumaa aliingojea mikono yake mpaka ilipoonekana tena.

Mzee hakutazama nanga. Aligeuza kifungo, akatazama mgongo wake, pale penye kitundu cha kupitishia uzi. Akatwaa sindano, akakishona kifungo kimoja kwenye kipande cha kitambaa, akakisukuma mbele ya Bi Mejumaa.

"Itazame nanga," akamwambia. "Imesimama?"

Haikusimama. Ilikuwa imelala ubavu, kama mgonjwa.

Akamweleza kwa utaratibu wake, huku akivivuta vile vifungo kimoja kimoja karibu na taa. Vifungo vya sare vya zamani, akasema, vilishikwa kwa pete ili vitolewe kabla koti halijapelekwa kwa dobi. Ile kampuni ikataka vya rahisi, vya kushonwa moja kwa moja, na babake Dawoodbhai ndiye aliyeviagiza. Vilipofika, kiwanda kilikuwa kimekosea kutoboa kitundu, na kila kifungo kikishonwa, nanga inalala. Babake aliona haya mwaka mzima. Meneja wa kampuni akakubali kuvichukua kwa nusu ya bei, vya kutosha makoti arubaini tu. Oda iliyofuata ilikuja sawa.

"Nanga hii iliyolala haikupata kutiwa kwenye nguo nyingine," akasema. "Na hivi havikuvaliwa na mlinzi yeyote. Mlinzi husugua vifungo vyake kila asubuhi, nanga huchakaa. Hizi bado kali. Tena tazama hapa, alama ya wembe. Vilishonwa, kisha vikakatwa."

Bi Mejumaa akauliza kwa nini mtu akate vifungo vya koti zima. Dawoodbhai akamjibu kwamba koti bila nanga ni koti tu, unalipakia basi la bara pale Mwembe Tayari na hakuna wa kuuliza. Nanga ndiyo inayokusema. Kisha akavua miwani. Akamkumbusha kwamba makoti yale yaliibiwa, na kuna mtu alifungwa.

"Umevitoa wapi, bibi?"

Aliviokota haraka haraka. Kimoja kilikuwa bado mkononi mwa mzee, na Bi Mejumaa akanyoosha kiganja akakidai, kwa sauti iliyomfanya mteja mwingine dukani ageuke. Dawoodbhai alikiweka kiganjani pake taratibu. Alimtazama kama anavyomtazama mtu aliyeingia dukani na noti ya bandia.

Njia nzima kurudi alijibishana na maiti wawili. Mzamil ndiye aliyevizika. Lazima. Alifika nyumbani, akaingia stoo, akasimama juu ya lile shimo, na macho yake yakaangukia vipande vya saruji alivyovunja Chonga. Vilikuwa vyembamba upande mmoja na vinene upande mwingine, kazi ya mtu asiyejua kazi.

Hapo akakumbuka, na afadhali asingekumbuka.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mamake alikuwa amekwenda matangani. Babake, ambaye hajawahi kushika mwiko wa mwashi, alikuwa amepiga magoti stoo, jasho linamtoka, akikoroga saruji kwenye karai. Yeye ndiye aliyemletea maji, kopo baada ya kopo. Alipouliza kwa nini hawamwiti fundi, babake alisema panya wametoboa chini, kazi ndogo. Akampa shilingi nzima, akamwambia asiseme, mweka stoo wa kampuni haoni vizuri watu wajue anakoroga saruji. Shilingi ile alinunua ubuyu, na aliyekula naye ule ubuyu barazani, mpaka midomo yao ikawa myekundu, ni Mahira. Walikuwa bado marafiki. Kesi ilikuwa haijaja.

Kwa nini hakuvitupa baharini? Ah, Mzee Shekue! Mtu yule hakutupa hata msumari uliopinda. Shaba ni shaba, atakuwa alisema, siku moja itapata bei. Bi Mejumaa alikaa juu ya rundo la mchanga, mwanamke mzima, akalia kwa sauti ya chini ili jirani asisikie.

*

Jumatano alimwita kakake mdogo. Muhdhar anakaa orofa ya juu, ni katibu wa kamati ya msikiti, mtu ambaye watu humpa sadaka zao bila kuuliza zinakwenda wapi. Alitazama vile vifungo vilivyomwagwa kwenye sinia, akasikiliza mpaka mwisho, na swali lake la kwanza likawa nani mwingine ameviona.

Aliposikia jina la Dawoodbhai uso ulimbadilika. "Umeitembeza aibu ya baba mpaka Bondeni, dada?"

Alimshauri kwa upole baada ya hapo, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko hasira. Alisema yeye mwenyewe atakwenda nyuma ya Ngome ya Yesu, bahari pale ina kina, atavimwaga na mambo yataisha. Funika kombe mwanaharamu apite. Marehemu hasemwi vibaya.

"Na Mzamil je?" Bi Mejumaa akauliza. "Yeye si marehemu?"

"Mzamil alishafungwa, akatoka, akafa. Ukisema leo hatorudishiwa hata siku moja. Watakaopoteza ni sisi. Mimi nashika pesa za msikiti, Mejumaa. Kesho nitamtazama nani usoni?"

Haikuwa hoja ya kijinga. Lakini Bi Mejumaa hakumpa vifungo. Alivirudisha kwenye leso, akalala navyo chini ya mto, kwa sababu sasa hata kakake mwenyewe hamwamini.

Kesho yake, Alhamisi, kulikuwa na kikao. Bi Tumu, aliyeshika ufunguo wa vyombo vya mtaa, alikuwa amefariki, arubaini yake imetimia, na ilikuwa lazima achaguliwe mwengine. Vyombo hivyo ni masufuria ya biriani, masinia, majamvi na birika za kahawa, mali ya mtaa mzima. Pasipo hivyo hakuna harusi wala matanga. Anayeshika ufunguo ni yule ambaye mtaa umeshuhudia uaminifu wake. Hapewi mshahara. Hupewa heshima, na kuna wanawake pale wangeliuza bangili zao kuipata.

Miaka kumi na miwili nyuma, Bi Tumu alipochaguliwa, mtu mmoja alikuwa amelitaja jina la Mahira. Mejumaa ndiye aliyelizima. Hakuhutubia. Alisema tu, huku akinywa kahawa yake, kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na wenzake wakacheka. Mahira alikuwa mlangoni, akipanga viatu vya wageni.

Basi Bi Mejumaa akapata njia yake. Atampa Mahira ufunguo. Neno lake lina uzito, yeye ndiye jirani, akisema hakuna atakayepinga. Vifungo atavinyamazia, babake atabaki na jina lake, Muhdhar atabaki na msikiti wake, na Mahira atapata heshima ambayo hakuipata. Kila mtu atakuwa ametendewa haki. Alipofika kwenye kikao baada ya swala ya alasiri alikuwa karibu na furaha. Vifungo alikuwa navyo kiunoni, kwa kuwa hakuthubutu kuviacha nyumba moja na Muhdhar.

*

Walikuwa wanawake tisa sebuleni mwa marehemu Bi Tumu. Kahawa ilizunguka, halua ikazunguka, rehema zikasomwa. Majina mawili yakatajwa, na kila moja likapata kasoro: huyu husafiri sana, yule ana watoto wakorofi. Hapo Bi Mejumaa akakohoa.

"Mimi naona apewe Mahira."

Mahira alikuwa amekaa karibu na mlango, mahali pake pa siku zote. Aliinua uso, na uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi.

"Kwa nini?" akauliza.

Bi Mejumaa akasema yaliyo mema. Kwamba ni mtu mzima, ana subira, ni mwaminifu, wamekuwa majirani umri mzima.

"Mwaminifu tangu lini, Mejumaa?"

Mmoja wa wanawake akajaribu kulainisha, akasema dada pokea tu, jambo la heri halihojiwi. Mahira hakumgeukia.

"Jumatatu nalisikia sururu stoo kwenu," akasema. "Saa sita ikanyamaza. Yule fundi alipita mlangoni pangu, nikampa maji, hasira zimemjaa, hakutaka kunambia. Tangu siku hiyo umenipita mara tatu uchochoroni, waamkia ukuta. Leo wanipa ufunguo. Siutaki mpaka unambie. Umepata nini mle ndani?"

Angeweza kusema uwongo. Uwongo ulikuwepo, tayari mdomoni, panya, bomba lililopasuka, chochote. Alimtazama Mahira, akaona kwamba mwenzake anaungoja uwongo huo, amekwisha kujiandaa kuupokea, kama alivyopokea mengine yote. Ndicho kilichomshinda. Mikono yake ikaenda kiunoni, ikafungua fundo la leso, na vifungo vikamwagika juu ya jamvi mbele ya wote.

"Ni vya makoti," akasema. "Babako aliyaleta. Baba aliyapokea, akayauza, hivi akavizika. Saruji alikoroga mwenyewe. Mimi nilimletea maji."

Mahira alisogea kwa magoti, akaokota kimoja. Hakulia. Alikigeuza huku na huku, akakishika kwenye kifua cha gauni lake kama mtu anayetaka kukishona, na nanga ikalala.

"Alipokuwa akiumwa," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "alikuwa akisema nanga imelala, nimejaribu kuisimamisha haisimami. Kila siku, nanga imelala. Sisi tukadhani ni homa. Tukawa twamwitikia tu, ndiyo baba, imelala."

Wanawake wawili walianza kulia. Mwengine akasema kwamba mambo haya ni ya waliokufa, Mungu ndiye hakimu, na Mahira amsamehe mwenziwe yaishe. Bi Mejumaa naye akaomba. Alisema nisamehe, na alikuwa akimaanisha kila herufi.

Mahira aliviweka vile vifungo kimoja kimoja kwenye kona ya kanga yake, hakuacha hata kimoja. Alipomaliza akafunga fundo.

"Hapa tu wanawake tisa na mlango umerudishwa," akasema. "Baba yangu hakuitwa mwizi chumbani. Aliitwa barazani, mbele ya wanaume, watu wakitoka kuswali. Pale ndipo pa kusema. Ukishasema, tutanena habari ya msamaha."

Hakuna aliyemwambia Bi Mejumaa aende, na hakuna aliyemwambia akae. Aliinuka kwa kushika ukuta. Magoti yalimuuma, na aliogopa, tuseme ukweli, aliogopa kuliko alivyoogopa kifo cha mumewe. Alitoka, akageuka kona.

Barazani walikuwa wamekaa wanaume kama kumi na watano, wakingoja magharibi. Muhdhar alikuwa katikati yao, kikombe cha kahawa mkononi. Alimwona dadake anakuja bila buibui kukaa sawa, nyuma yake Mahira, na nyuma ya Mahira wanawake wote wa kikao, na akaelewa. Akatikisa kichwa kidogo, mara moja, ishara ya mtu anayeomba.

Bi Mejumaa akatoa salamu. Wakaitikia. Akasema ana neno.

"Baba yangu, Shekue," akaanza, na Muhdhar akaweka kikombe chini, akavaa viatu, akaondoka bila kuaga mtu. Dadake hakumngoja apotee. Alianza tena tangu mwanzo, kwa sauti ambayo wenye madirisha ya juu waliisikia.

"Baba yangu, Shekue, ndiye aliyeiba yale makoti. Mzee Mzamil hakuiba kitu."